Salma akiitwa jeshini

Ngara, Nairobi

Kwako dada Zuhura,

Salamu nyingi kutoka huku. Sisi hatujambo, na mama hachoki kukuulizia. Unasema Salma akitimiza miaka 18 ataingizwa kwenye kura ya kuchagua wa kuitwa jeshini kama mvulana yeyote wa huko Denmark, na shemeji ameapa kwamba binti yake hatashika bunduki. Umeniuliza nasimama wapi. Naiunga mkono sheria hiyo, ila kwa sharti.

Hapa kwetu halazimishwi mtu. Siku ya usajili wa makurutu vijana hujaa uwanjani tangu alfajiri, wasichana kwa wavulana, vyeti mkononi, wakiomba wachukuliwe. Msichana hupimwa hata mimba, na akikutwa nayo anarudi nyumbani. Meja Jenerali Fatuma Ahmed, mwanamke wa kwanza Kenya kufikia cheo hicho, mwaka 2018, aliingia enzi ambazo wanajeshi wanawake walitengwa kwenye kikosi chao peke yao. Kwa hiyo anayeniambia mwanamke hawezi, simsikilizi.

Kinachonitisha ni kulazimishwa. Soko la Kariokor, tulikokuwa tukinunua vyondo, linabeba jina la kikosi cha wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza. Waingereza waliwatoa wanaume vijijini kwa nguvu, wakawabebesha mizigo ya vita dhidi ya Wajerumani, na makumi ya maelfu wakafa, wengi kwa maradhi. Wanawake hawakuitwa. Lakini walisalimika? Mashamba, watoto na njaa waliachiwa wao. Na wakati wa Hali ya Hatari, Waingereza walipopigana na Mau Mau miaka ya 1950, wanawake wa sehemu za Mlima Kenya walichimba handaki kandokando ya msitu kwa amri, askari wakiwasimamia. Ndiyo maana sikubali kwamba kumwacha mwanamke nje ya daftari la jeshi ni kumlinda. Vita humfikia alipo, na humkuta hana mafunzo wala sauti.

Sasa sharti langu. Eritrea iliweka sheria mwaka 1995: wanaume na wanawake wote watumikie taifa miezi 18. Baada ya vita na Ethiopia vilivyoanza 1998, miezi hiyo ikawa miaka isiyo na mwisho. Wachunguzi wa Umoja wa Mataifa wameeleza jinsi wasichana walivyodhalilishwa kingono na makamanda wao kambini. Usawa huo upo kwenye karatasi, na mimi siutaki, si kwa Salma wala kwa mvulana yeyote. Pasipo tarehe ya kutoka, na pasipo mtu wa kumshtaki kamanda, asiitwe yeyote.

Denmark si Eritrea. Huko wanaojitolea huchukuliwa kwanza, na nafasi zikibaki ndipo kura inaamua. Muda mpya ni miezi 11, na asiyeweza kushika silaha kwa dhamira yake anaruhusiwa kuomba kazi ya kiraia badala yake. Norwei wamewaita wasichana tangu 2015, na Uswidi nao wanafanya hivyo. Nchi ya namna hiyo ikiniambia mzigo ubebwe na wote, nitapingaje? Idris, kaka yake Salma, alipoitwa, shemeji alijivuna na kutuma picha kwa ukoo mzima. Salma naye ni mtoto wake. Kama hatari ya jeshi ni kubwa mno kwa Salma, ilikuwa kubwa vilevile kwa kaka yake, na hapo ndipo angepaza sauti.

Mwambie shemeji hasira yake aielekeze pengine: aulize msichana akinyanyaswa kambini analalamika kwa nani, kama huyo anayepokea lalamiko yuko chini ya kamanda yuleyule, na kesi huchukua muda gani. Hayo ni maswali ya mzazi, na ana haki ya kujibiwa kabla mtoto hajavaa sare.

Jambo jingine, dada. Nimeambiwa anachosema shemeji, na unachohofia wewe. Salma mwenyewe anasemaje? Muulizeni, kisha uniandikie.

Ni mimi rafiki yako,
Mwanaidi