Kabla ya Kumpa Mpangaji Notisi: Hesabu ya Nyumba za Wageni wa Muda Mfupi Nairobi

Karibu kila wiki tunapokea simu ya mwenye nyumba wa Kilimani, Kileleshwa, Westlands au South B anayetaka tumsaidie kuigeuza nyumba anayoipangisha kwa mwezi iwe ya kulaza wageni kwa usiku mmoja mmoja. Mara nyingi huwa ameona jirani akitoza shilingi 5,000 kwa usiku, akazidisha mara thelathini na kupata 150,000, kisha akaitazama kodi ya 60,000 anayolipwa na mpangaji wake akahisi kwamba anapunjwa. Kazi yetu ni kuandaa na kusimamia nyumba za aina hiyo, na tungenufaika akikubali papo hapo. Hata hivyo, ombi letu la kwanza kwake ni asimpe mpangaji notisi kabla hatujaketi pamoja kwa kalamu na karatasi.

Tuichukue nyumba hiyo ya chumba kimoja cha kulala iwe mfano wetu. Kodi ya 60,000 kila mwezi ni 720,000 kwa mwaka. Kwa kuwa kiasi hicho kiko kati ya 288,000 na milioni 15, mwenye nyumba aliye mkazi wa Kenya hulipa ushuru wa nyumba za makazi wa asilimia 7.5 ya kodi yote anayopokea, bila kutoa gharama. Kabla ya Januari 2024 ulikuwa asilimia 10. Ushuru huo ni 4,500 kwa mwezi na huwasilishwa kwa mamlaka ya mapato, KRA, kupitia iTax, mfumo wake wa mtandaoni, kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Mwenye nyumba hubaki na 55,500, na tokeni (umeme wa kulipia kabla), gesi, intaneti na maji ni mzigo wa mpangaji.

Sasa nyumba ileile iwe ya wageni, na mwezi huo ilalwe usiku kumi na nne katika safari sita tofauti. Mapato ni 70,000. Kusafisha na kufua kila mgeni anapoondoka, tuseme 1,200 kila mara, ni 7,200, tokeni 4,000, intaneti 3,000, maji 1,500, gesi, sabuni, karatasi za msalani na majani ya chai 2,500, ada ya mtandao wa kutangazia 3,500. Kinachobaki ni 48,300, kabla ya ushuru wowote na kabla ya kitu chochote kuvunjika. Bado hatujagusa samani. Kitanda, godoro, makochi, friji, runinga na vyombo vikikugharimu 350,000, na ukitaka fedha hizo zirudi kwa miaka mitatu, kila mwezi unapaswa kuweka kando takriban 9,700. Ndiyo sababu mimi humwambia mwenye nyumba wa mfano huu kwamba hesabu yake huanza kumpita mpangaji pale tu anapokaribia usiku ishirini kwa mwezi, na kwamba usiku ishirini kila mwezi, miezi kumi na miwili mfululizo, ni kazi ya kila siku. Ada ya huduma za jengo siihesabu hapa, kwa kuwa nimechukulia kwamba mwenye nyumba huilipa kwa njia zote mbili.

Kila nyumba ina takwimu zake, na wapo wateja wetu ambao mabadiliko haya yamewafaa sana, hasa wale ambao nyumba zao ziko karibu na hospitali kubwa, ofisi za mashirika ya kimataifa au barabara ya kwenda uwanja wa ndege. Ninachosisitiza ni kwamba bei ya usiku mmoja haikuambii chochote mpaka ujue ni usiku ngapi nyumba itakaa bila mgeni, na ni gharama zipi ambazo mpangaji alikuwa akikubebea bila wewe kuziona.

Miongoni mwa gharama hizo, inayowaumiza wanaolaza wageni Nairobi kuliko zote ni maji. Sehemu kubwa ya maji ya jiji hutoka bwawa la Ndakaini, huko Murang'a, nayo kampuni ya maji huyagawa kwa ratiba ya siku maalumu kwa kila eneo. Mpangaji wa mwezi huijua ratiba hiyo kama anavyoijua siku ya kulipa kodi: hujaza ndoo, huahirisha kufua, huoga mapema. Mgeni wa usiku mbili hajui lolote na wala hapaswi kujua.

Nakumbuka Jumatano moja katika nyumba ya ghorofa ya sita tuliyokuwa tumeipokea wiki mbili tu kabla ya hapo. Mgeni, mama aliyetoka Kisumu na binti yake mdogo kwa miadi ya hospitali, aliingia saa tatu usiku, akafungua bomba la jikoni likatoa upepo. Nilipanda juu ya paa kwa mwanga wa simu, nikaligonga tangi kwa kiganja kuanzia juu kwenda chini, nalo likalia utupu mpaka karibu na sakafu. Wapangaji wa jengo zima walikuwa wamefua siku ile. Nilirudi kumwomba radhi, naye akanijibu kwa upole, "Mwanangu, mimi naweza kuvumilia, lakini mtoto ataonwa na daktari asubuhi na hajaoga tangu tuingie basi." Mwangalizi wa jengo na mimi tulibeba mitungi minne ya lita 20 kwa ngazi kutoka kisima cha jengo la jirani, tukampashia mtoto maji kwenye sufuria kubwa ya ugali. Kosa lilikuwa letu, kwa sababu tuliikagua nyumba kuanzia mlangoni na hatukufika paani.

Tangu usiku ule hatupokei nyumba kabla ya kujua tangi lina lita ngapi, linahudumia nyumba ngapi, na pampu hufanya nini umeme unapokatika. Katika kila bafu tunaweka mitungi miwili yenye mifuniko, na maji yake hubadilishwa kila wiki. Jengo likitegemea kisima, hita ya shawa lazima iwe ile iliyotengenezwa kwa ajili ya maji ya chumvi, kwani ya kawaida huharibika upesi. Na kwa kuwa visima vingi vya Nairobi vina floraidi nyingi, tunamwekea mgeni maji ya kunywa ya chupa kubwa badala ya kumwachia ayachemshe, maana kuchemsha hakuondoi floraidi.

Kuhusu umeme nitasema machache. Tokeni isiachwe chini ya yuniti 20 mgeni anapoingia, maana hakuna anayefurahia kubonyeza tarakimu ishirini gizani. Kumbuka pia kwamba matumizi yakipita yuniti 100 kwa mwezi, bei ya kila yuniti hupanda. Mashuka yawe jozi tatu kwa kila kitanda, moja kitandani, moja kwenye kufuliwa na moja kabatini, kwa sababu wakati wa masika na katika baridi ya Julai shuka linaweza kukaa kwenye kamba siku mbili. Taulo dogo jeusi la kufutia vipodozi huokoa mashuka meupe mengi kuliko sabuni yoyote.

Upande wa sheria ni mpana, na hapa ndipo tunapokataa kazi mara nyingi. Chini ya Sheria ya Utalii ya 2011, nyumba zenye samani zinazolaza wageni kwa malipo zinahitaji leseni ya mamlaka inayodhibiti shughuli za utalii, na mapato ya malazi hutozwa ushuru wa utalii wa asilimia 2. Kaunti nayo hudai kibali chake cha biashara. Mapato ya biashara yakifika milioni 5 kwa mwaka, VAT, yaani ushuru wa ongezeko la thamani, ya asilimia 16 huingia. Kama umenunua nyumba katika jengo lililosajiliwa chini ya Sheria ya Sectional Properties ya 2020, inayohusu umiliki wa nyumba mojamoja ndani ya jengo, soma kanuni za shirika la wamiliki kabla ya kununua hata kijiko, kwa kuwa yapo majengo ambayo wamiliki wake hawataki wageni wa muda mfupi. Na kama nyumba si yako bali unaikodi ili uikodishe tena, utuletee idhini ya mwenye nyumba kwa maandishi. Idhini ya mdomo hatuipokei, hata ikiwa mwenye nyumba ni mjomba wako.

Januari 2024 wanawake vijana waliuawa katika nyumba za muda mfupi jijini, na majonzi yale hayajatoka mioyoni mwa watu wanaofanya kazi hii. Kwetu sisi kila mtu mzima anayelala huonyesha kitambulisho au pasipoti, si yule aliyelipa peke yake, na mlinzi wa lango huwa na majina kabla gari halijafika. Wakati huohuo, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakulazimu kuzitunza taarifa hizo. Picha ya kitambulisho cha mgeni haina ruhusa ya kuzunguka kwenye kundi la WhatsApp la walinzi. Kamera zikae lango kuu na kwenye korido. Ndani ya nyumba hatuziweki kamwe, na Airbnb yenyewe, mtandao mkubwa wa kutangazia nyumba hizi, ilizipiga marufuku kote duniani kuanzia tarehe 30 Aprili 2024.

Ukitaka tuitembelee nyumba yako, tayarisha rekodi za kodi za miezi kumi na miwili iliyopita, kanuni za jengo na bili za maji. Ikiwa bado ina mpangaji, mwombe ruhusa kwanza na umweleze ukweli kuhusu sababu ya ziara. Ziara ya kwanza huchukua kama saa moja, na huanzia juu ya paa, kwenye tangi.