Barua ya wazi kwa Mheshimiwa uliyetuahidi mashine ya kamera Tanga

Mheshimiwa, assalaam alaykum.

Nakuandikia kwa heshima zote, ila subira imenishinda. Juzi usiku mpira wa kulishia wa mama yangu ulirudi tena kwenye mfuko wa chakula, yaani tumbo lenyewe. Alitapika maziwa yote, akapaliwa, tukadhani tunampoteza. Hospitalini tukaambiwa neno lile lile: rufaa, Dar es Salaam.

Kongosho la mama, kiungo kilicho nyuma ya mfuko wa chakula, limevimba, limebana njia ya chakula. Mpira ukiishia kwenye mfuko wa chakula, kila kitu kinarudi. Lazima upite hadi ndani ya utumbo mwembamba. Daktari wa Dar alinieleza kazi yenyewe. Ncha ya mpira hufungwa uzi, kamera hushushwa mdomoni, na kikoleo kinachopita ndani ya kamera huushika uzi na kuuvuta mpira hadi mbele. Pagumu ni wakati wa kuitoa kamera, maana mpira huifuata nyuma. Ndiyo maana wengine huubana uzi kwa klipu, kibanio kidogo, kwenye ukuta wa utumbo, kisha wakahakikisha kwa eksirei. Mama hakuwekewa klipu, nadhani ziliisha. Na kule kutapika njiani tukirudi kutoka Dar, kuanzia Chalinze hadi Segera, nahisi ndiko kulikouchomoa.

Mheshimiwa, ulisimama mbele yetu ukasema wana Tanga hawatasafiri tena kwa huduma hii. Tulikupigia makofi, mama akiwemo. Mashine ipo, nimeiona kwa macho yangu, imefunikwa shuka. Wanasema taa yake imekufa na aliyesomea kuitumia amehamishwa. Basi sisi tusafiri zaidi ya kilomita 300 na mgonjwa asiyeweza kumeza kijiko cha uji?

Minazi ya marehemu baba kule Pangani nimeshaiuza. Imekwenda kwenye nauli, gesti, mipira na maziwa maalumu, ambayo hutiririshwa polepole kwa saa nyingi kwa sababu utumbo haupokei mkupuo kama mfuko wa chakula. Tena mpira wenyewe ni mwembamba; usiposukumiwa maji safi kila mara unaziba, na ukiziba ni Dar tena.

Siombi jengo jipya. Naomba taa, klipu na mtaalamu arudishwe. Hata klipu nitanunua mwenyewe, nitakopa. Taa tu, na mtu wa kuishika hiyo kamera.

Mama yuko wodini, tangu juzi anaishi kwa dripu ya maji. Naomba mashine itengenezwe wiki hii, Mheshimiwa. Wiki hii.

Ni mimi mwananchi wako,
Ngamiani, Tanga