Tusimbebeshe Thabeet mzigo wa Memphis

Ndugu Mhariri,

Kila Juni, drafti ya NBA (zamu za klabu za ligi ya kikapu ya Marekani kuchagua wachezaji wapya) ikikaribia, kurasa za michezo hapa kwetu hutoa ile orodha ya makosa makubwa ya drafti, na jina la Hasheem Thabeet halikosi. Habari yenyewe husimuliwa kwa pumzi moja: mwaka 2009 Memphis Grizzlies walimchukua Mtanzania namba 2, wakamwacha James Harden aliyekwenda namba 3 na Stephen Curry aliyekwenda namba 7, timu ikaharibika. Kwamba waliwaacha hao wawili ni kweli. Kwamba timu iliharibika si kweli hata kidogo, na naomba nafasi niieleze, maana vijana wanaocheza kikapu pale Don Bosco Upanga wanakua wakiamini kwamba mtu wao wa kwanza kufika NBA aliizamisha klabu nzima.

Hesabu kwanza. Msimu wa 2008/09, kabla Thabeet hajafika, Memphis walishinda mechi 24 kati ya 82. Msimu wake wa kwanza walishinda 40. Uliofuata walishinda 46, wakaingia hatua ya mtoano, na kuanzia hapo waliingia misimu saba mfululizo, 2011 hadi 2017. Hicho ndicho kipindi kirefu cha neema katika historia ya klabu hiyo. Timu iliyoharibika haina matokeo ya namna hiyo.

Anayetaka kujua nini hasa kiliwahi kuiumiza klabu hii aanzie Vancouver, Kanada, ilikozaliwa mwaka 1995 pamoja na Toronto Raptors. (Ndiyo maana timu ya Tennessee inabeba jina la dubu ambaye hapatikani Tennessee.) Masharti ya kujiunga na ligi yaliwazuia wageni hao wawili wasipate chaguo la namba 1 katika drafti za miaka ya mwanzo, hata wakishika mkia. Na mkia waliushika. Msimu wa kwanza walishinda 15, wa pili 14, na katika msimu uliofupishwa wa 1998/99 wakashinda 8 tu kati ya 50. Kwa misimu sita ya Vancouver walishinda mechi 101 na kupoteza 359. Mapato ya mlangoni yalikuwa dola za Kanada, mishahara ya wachezaji dola za Marekani, na dola ya Kanada ilikuwa dhaifu miaka ile. Mwaka 1999 walimchagua Steve Francis namba 2, naye akakataa katakata kucheza Vancouver. Ikabidi wamuuze Houston. Michael Heisley aliinunua timu mwaka 2000 na mwaka uliofuata ikahamia Memphis.

Lakini jeraha kubwa kuliko yote lilifanywa kimyakimya mwaka 1997. Vancouver walimtaka Otis Thorpe, mchezaji mkongwe wa Detroit Pistons, wakamlipia kwa chaguo la raundi ya kwanza, yaani haki yao ya kuchagua mchezaji, katika drafti ya miaka ya mbele. Chaguo hilo lilikuwa na kinga: likiangukia nafasi fulani za juu linabaki kwao na deni linasogea mwaka wa mbele. Kinga hiyo ilipungua kadiri miaka ilivyokwenda, hata ilipofika 2003 ikabaki ya nafasi moja tu: namba 1. Thorpe mwenyewe hakumaliza hata msimu mmoja Vancouver, akapelekwa Sacramento. Deni likabaki, likahama na timu hadi Memphis.

Dawa ya deni ni kulipa, na siku ya kulipa ilikuwa Mei 2003. Bahati nasibu ya drafti, inayoamua nani achague mwanzo, huchezwa kwa mipira 14 yenye namba ndani ya mashine. Hutolewa minne, na michanganyiko inayowezekana ni 1,001. Michanganyiko 1,000 hugawiwa timu zilizokosa mtoano, zilizofanya vibaya zaidi zikipata mingi. Bahasha hufunguliwa kutoka mwisho kwenda mwanzo. Usiku ule zilibaki bahasha mbili, ya Cleveland na ya Memphis. Aliyekuwa akingojewa kuchaguliwa wa kwanza ni LeBron James. Memphis wakiwa wa kwanza, kinga inafanya kazi na LeBron ni wao. Wakiwa wa pili hawana kitu, chaguo linakwenda Detroit. Bahasha ya pili ilipofunguliwa ikatoka nembo ya Memphis. Jerry West, aliyekuwa akiiongoza klabu, alikuwapo akitazama. Timu iliyoshinda mechi 28 msimu ule ikalipoteza chaguo lake la juu kwenye drafti iliyowatoa Carmelo Anthony namba 3, Chris Bosh namba 4 na Dwyane Wade namba 5. Detroit walilitumia chaguo hilo kwa Darko Miličić, ambaye hakung'ara, lakini hilo halikuipunguzia Memphis hasara hata senti.

Pamoja na pigo hilo, West na kocha Hubie Brown waliijenga timu ya ushindi wa mechi 50 msimu wa 2003/04, wakimzunguka Pau Gasol. Tatizo lilikuwa mtoano: 2004, 2005 na 2006 walitolewa na San Antonio, Phoenix na Dallas, kila mara 4–0. Mechi 12 za mtoano, ushindi sifuri. Februari 2008 Gasol akauzwa Los Angeles Lakers, na dunia nzima ikawacheka Memphis, kwa kuwa vichwa vya habari vilimtaja Kwame Brown, mmoja wa wachezaji waliopokewa, na kuishia hapo. Ndani ya furushi lile kulikuwa na haki za kumsajili Marc Gasol, mdogo wake Pau, aliyechaguliwa namba 48 mwaka 2007 na ambaye wakati huo alikuwa bado anacheza Hispania. Huyo ndiye aliyekuja kuwa nguzo ya katikati kwa muongo mzima.

Sasa turudi 2009. Kwa nini Memphis hawakumchukua Harden au Curry? Kwa sababu nafasi hizo zilikuwa na watu. O.J. Mayo alikuwa ametoka kufunga wastani wa pointi 18.5 katika msimu wake wa kwanza, pembeni yupo Rudy Gay, na Mike Conley aliyechaguliwa namba 4 mwaka 2007 alikuwa ndiye mgawaji wao wa mpira. Walichokosa ni mzuiaji chini ya kikapu. Thabeet alikuwa na urefu wa mita 2.21 na alikuwa amekwisha kutwaa mara mbili tuzo ya mlinzi bora wa Big East, ligi ya vyuo vikuu, akiwa Chuo Kikuu cha Connecticut. Kuchagua kwa kuangalia pengo badala ya kipaji ni kosa, nakubali, na klabu nyingi hulifanya hadi leo. Lakini ni kosa la waliochagua. Halikuwa lake.

Uwanjani kilichomshinda kinaonekana wazi ukizitazama tena mechi zile. Alianza kikapu akiwa kijana wa miaka 15 hivi, Dar es Salaam, wakati wenzake wa NBA walikuwa na mpira mkononi tangu utotoni. Akipokea pasi karibu na kikapu aliushusha mpira hadi kiunoni kabla ya kuruka, na senta, yule mrefu wa chini ya kikapu, akiushusha mpira kiunoni, urefu wake wote hauna faida: gadi mfupi anaufikia na kuuchomoa. Nyonga zilikuwa nyepesi, hivyo senta wazito walimsukuma nje ya nafasi yake, naye akijaribu kurudi anakata mkono wa mtu na filimbi inalia. Faulo mbili za haraka, benchi. Msimu wa kwanza alicheza mechi 68 kwa dakika 13 tu kila moja, akipata pointi 3.1, ribaundi 3.6 na kuzuia mitupo 1.3. Hebu tuitazame hiyo 1.3 vizuri. Kuzuia mitupo 1.3 kwa dakika 13 ni sawa na 3.6 kwa dakika 36, kiwango cha wazuiaji wakubwa. Kile alichochaguliwa kwa ajili yake alikuwa anakifanya. Kilichokosekana ni dakika, na dakika hizo zilichukuliwa na Marc Gasol, aliyekomaa ghafla msimu uleule, pamoja na Zach Randolph.

Randolph naye ana safari yake inayofaa kusimuliwa. Darko Miličić, yuleyule aliyechaguliwa kwa nafasi waliyoipoteza 2003, alisajiliwa na Memphis mwaka 2007. Juni 2009 wakambadilisha na New York wakampata Quentin Richardson. Wiki chache baadaye wakampeleka Richardson kwa Los Angeles Clippers wakampata Randolph. Mshahara wa Randolph ulikuwa mkubwa kuliko wa Richardson kwa mbali, na kanuni za NBA hudai mishahara ikaribiane pande mbili zinapobadilishana. Lakini Memphis walikuwa chini ya kikomo cha mishahara, kwa hiyo pengo lile lilimezwa na nafasi waliyokuwa nayo. Clippers walitaka kupunguza mzigo, Memphis walikuwa na mgongo wa kuubeba.

Halafu ikaja Februari 2011. Memphis walimpeleka Thabeet Houston, pamoja na DeMarre Carroll na chaguo la raundi ya kwanza lenye kinga, wakamrudisha Shane Battier, mchezaji wao wa zamani. Aprili 17, wakiwa namba 8 upande wa Magharibi, wakaanza mtoano ugenini dhidi ya San Antonio waliokuwa namba 1 kwa ushindi wa mechi 61. Zikiwa zimebaki chini ya sekunde 25, Memphis wako nyuma kwa pointi 2. Mpira ukamfikia Battier nje ya mstari wa pointi tatu, akautupa, ukaingia. Mechi ikaisha 101–98. Huo ulikuwa ushindi wa kwanza wa mtoano katika historia yote ya Grizzlies, tangu Vancouver, na mkono uliouleta ulitoka kwenye biashara ya Thabeet. Walimaliza kazi kwa 4–2 na mwaka 2013 wakafika fainali ya Magharibi. Sijaona hilo likiandikwa katika orodha yoyote ya makosa.

Kuhusu kinga, klabu ilionja upande wa pili wa shilingi mwaka 2019. Mwaka 2015 walikuwa wametoa chaguo la raundi ya kwanza ili kumpata Jeff Green, likaishia mikononi mwa Boston. Safari hii waliandika kinga pana: mwaka 2019 likiangukia namba 1 hadi 8, linabaki Memphis. Uwezekano wao wa kupata namba 1 ulikuwa asilimia 6 tu, lakini mipira ikawapandisha hadi namba 2, wakamchukua Ja Morant. Boston walisubiri hadi 2020 wakapewa namba 14. Ukilinganisha na 2003, ni klabu ileile na nafasi ileile ya pili. Tofauti ni kile kilichoandikwa kwenye karatasi miaka kadhaa nyuma.

Ombi langu kwa dawati lako la michezo ni hili. Mnaporipoti mabadilishano ya wachezaji wa NBA, msiishie kwenye majina. Mwezi Juni 2025 Memphis walimpeleka Desmond Bane Orlando, na sehemu kubwa ya malipo ilikuwa machaguo manne ya raundi ya kwanza. Kwa kila chaguo tuandikieni mwaka wake, ni la timu gani kwa asili, lina kinga ya namba ngapi hadi ngapi, na kinga ikifanya kazi deni linahamia mwaka gani. Ni mistari minne ya gazeti. Na Juni ijayo mkiandaa ile orodha, jina la Thabeet likiwamo, basi la Otis Thorpe litangulie.

Wako mtiifu,
Msomaji na mpenzi wa kikapu,
Dar es Salaam