Barua ya malalamiko: Njia ya Kwale mliyotuuzia kuwa ya lami

Tudor,
Mombasa.
12 Juni 2025

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Kampuni ya Programu ya Njia za Baiskeli.

Kwa Bwana/Bibi,

KUH: NJIA YA BONDE LA KWALE, HALI YAKE HALISI NA MADAI YETU

Mimi ni mteja wenu wa kulipia, na ndiye ninayepanga safari za kikundi chetu cha waendesha baiskeli za mbio hapa Mombasa. Malalamiko haya nilishayatuma kwa ujumbe ndani ya programu yenu. Nikajibiwa kwamba njia zenu ni "ushauri tu", na kwamba kila mwendeshaji ajihakikishie mwenyewe hali ya barabara. Jibu hilo silikubali. Ada ya mwaka tuliilipa ili mtueleze mambo mawili ambayo ramani ya bure haituelezi: lami inaishia wapi, na mlima ni mkali kiasi gani. Yote mawili mlitueleza visivyo, na kijana wetu mmoja sasa amefungwa mkono kifuani kwa kuvunjika mtulinga.

Njia yenyewe inaanzia Likoni, inafuata barabara ya Lunga Lunga hadi Kombani, inakata kulia kupanda Kwale mjini, kisha inashika barabara ya Kinango. Mbele kidogo inaiacha barabara hiyo, inateremka kulia kwenye bonde la upande wa mto Pemba, na kurudi mjini kwa barabara mpya ya Dongo Kundu. Mmeiandika kuwa ni lami mwanzo hadi mwisho, yenye vilima vidogo, na inawafaa wanaoanza.

Nianze na mlima. Likoni ni usawa wa bahari, na Kwale mjini ni karibu mita 400 juu yake. Lami ya kutoka Kombani ni nzuri na sisi tunaipenda. Wengi wetu tumejifunzia kupanda hapo. Lakini mchoro wenu unauonyesha mlima huo kama mstari ulionyooka unaopanda polepole, na haupandi hivyo. Kuna sehemu unakanyaga kwa raha na hata kupata nafasi ya kunywa maji, kisha barabara inasimama mbele yako hadi gia ndogo kabisa haitoshi, na jua la Pwani liko mgongoni. Mtu aliyezoea tambarare ya Nyali akiambiwa hivi ni vilima vidogo, atazimaliza nguvu zake kabla hajaiona Kwale. Wawili kati ya wageni wetu siku ile walikuwa wa namna hiyo. Walikuja kwa sababu waliyasoma maelezo yenu.

Mhudumu wenu alinieleza, na kwa hilo namshukuru, kwamba vipimo vyenu vya mwinuko vinatokana na picha za rada zilizopigwa na chombo cha anga za juu cha Marekani mwezi wa Februari mwaka 2000. Vipimo hivyo vinajulikana dunia nzima na vina faida yake. Vina mipaka pia, na mipaka hiyo ni kazi yenu kuijua. Vinapima ardhi kwa vipande vya takriban mita 30 kila upande, kwa hiyo mteremko mfupi mkali hulainishwa ukapotea. Penye msitu mnene, kama ule wa Shimba Hills, rada haifiki chini vizuri. Husoma sehemu ya miti kana kwamba ni kilima. Na kitu kilichojengwa baada ya mwaka 2000 hakimo kabisa. Ushahidi mnao wenyewe kwenye mchoro wenu: pale daraja la Mteza, kwenye barabara ya Dongo Kundu, mmeonyesha mwendeshaji akishuka hadi kwenye maji na kupanda tena upande wa pili. Daraja lile lina urefu wa zaidi ya kilomita moja, limepita juu ya mkono wa bahari na mikoko yake, na halina kilima cha kushuka wala cha kupanda namna hiyo. Mmeweka mlima mahali ambapo haupo na kuufuta mahali ambapo upo, na yeyote aliyewahi kupita pale mara moja angewaambia.

Lami sasa. Baada ya kuiacha barabara ya Kinango tulikuta lami imeishia papo hapo, na mbele kuna udongo mwekundu. Ilikuwa mwezi wa Mei, masika yako katikati. Udongo ule ukilowa haumwagiki wala hauporomoki, unanata. Unajaa kati ya tairi na uma, yaani vyuma vinavyolishika gurudumu, mpaka gurudumu linagoma kuzunguka, na ukikwanguliwa kwa kijiti unarudi baada ya hatua chache. Tairi zetu ni za milimita 25. Breki zetu ni za kubana rimu, na rimu ikishapakwa tope breki hiyo huteleza tu, hata ukibana kwa vidole vyote. Tulipofika ukingoni mwa mteremko tulimkuta mama mmoja akipanda na mtungi wa maji kichwani. Alitutazama, akazitazama baiskeli, akasema: "Wanangu, hapa baiskeli haishuki na mtu juu yake." Tukawapigia kelele waliotangulia wasimame. Kijana wetu alikuwa tayari ameshaingia kwenye mteremko. Chini kabisa pana kivuko cha zege ambacho maji ya mto hupita juu yake, na zege lile lilikuwa na utelezi wa kijani. Gurudumu la mbele likamponyoka, akaangukia bega.

Kwenye skrini yangu, mahali pale pale alipokuwa amelala, mstari wenu ulikuwa na rangi ya lami. Picha ya skrini nimeiambatisha, pamoja na picha ya njia yenyewe niliyoipiga nikiwa nimesimama hapo.

Tukalazimika kurudi tulikotoka, tukisukuma baiskeli kwa miguu hadi barabara ya Kinango, na tukafika juu magharibi inaingia. Hapa kuna jambo ambalo ramani yenu hailigusi hata kwa neno moja. Eneo lile ni mapito ya ndovu kati ya hifadhi ya Shimba Hills na ile ya Mwaluganje, ambayo wakulima wa huko waliianzisha kwa ardhi ya mashamba yao mnamo 1995. Tulikuta kinyesi kibichi cha ndovu katikati ya lami, bado kinafuka mvuke, na tulikuwa na majeruhi. Mungu alituletea mwenye pikapu ya madafu, akashusha mzigo wake kando ya barabara ili mgonjwa apate nafasi, akampeleka hospitali Kwale, na pesa akakataa. Kiwango cha ubinadamu alichotuonyesha mtu yule asiyetujua sijakiona katika majibu yenu.

Muda mliotukadiria pia haukuwa na msingi. Programu iligawanya kilomita kwa mwendo mmoja, kana kwamba hakuna upepo wala mlima. Sisi hapa tunapanga safari kwa pepo. Kuanzia Aprili kusi inavuma, na anayerudi mjini kutoka Mavueni, karibu na Kilifi, kwa barabara ya Malindi miezi hiyo anaupokea usoni njia nzima. Ndiyo sababu wazoefu huuzungusha kinyume mduara wa kaskazini, ule wa kwenda Mavueni na kurudi: wanatoka kwa barabara ya Malindi na kurudi kupitia Kaloleni, Rabai na Mazeras, au wanaungojea hadi kaskazi irudi. Mduara ule, kwa haki, mmeuchora sawa, na lami yake ni lami kweli. Nautaja kwa sababu unaonyesha kwamba mkiamua mnaweza.

Mlituandikia kwamba "tungepaswa kukagua njia kabla". Kukagua ndiyo kazi tuliyowalipa. Kama hakuna mtu wenu aliyewahi kufika bonde lile, neno "imehakikiwa" lililo chini ya jina la njia liondolewe leo, kwa sababu watu wanaliamini. Wageni wanashuka Mombasa na baiskeli zao, wanaifungua programu yenu hotelini, na asubuhi wanapanda feri bila kumuuliza mtu. Wao hawana wa kuwapigia kelele wasimame.

Tunachodai ni hiki. Njia hii iondolewe kwenye kundi la lami na la wanaoanza mara moja, wala msingojee toleo jipya la programu. Wote waliokwisha kuipakua waarifiwe kwa ujumbe. Kwenye kipande cha Kwale hadi Kinango liwekwe onyo la ndovu, na lisomeke kabla ya safari kuanza, hasa kwa watakaopita alfajiri au jioni. Mchoro wa kila mlima uonyeshe sehemu yake kali zaidi, maana wastani peke yake hauwasaidii miguu ya mtu. Kijana wetu alipwe gharama ya matibabu na ya gurudumu lililopinda. Risiti za hospitali na za fundi zimo ndani ya bahasha hii. Na ada yetu ya mwaka irudishwe kwa nambari ile ile ya M-Pesa iliyolipa.

Juu ya hayo, tuko tayari kuwatembeza. Mkimtuma mtu wenu, tutampitisha njia zote mlizoweka kati ya Kombani, Kinango na Kaloleni, awamu kwa awamu, na tutamwonyesha lami inapoishia. Hilo hatulitozi. Tunaomba tu aje na tairi nene, na asije kabla mvua hazijakatika.

Nangoja jibu lenu kwa maandishi, lenye jina na cheo cha aliyeliandika, kabla ya tarehe 30 Juni 2025. Lisipofika, nakala ya barua hii pamoja na viambatisho vyake itawasilishwa kwa wakili wetu.

Wako mwaminifu,

Mpanga safari wa kikundi,
Tudor, Mombasa.

Viambatisho: picha ya skrini, picha za njia, risiti za hospitali na za fundi wa baiskeli.