Barua ya wazi kwa Waziri wa Ulinzi: wapangieni zamu wazee wa Kagera

Mheshimiwa Waziri wa Ulinzi na Jeshi la Kujenga Taifa,

Nakuandikia kutoka Chang'ombe, Dodoma. Mimi ni binti wa askari aliyepigana Vita vya Kagera. Vijana waliokuwa na miaka ishirini Nduli Amin alipotuvamia mwaka 1978, leo wanakaribia sabini. Magoti yamegoma, masikio yaliyozoea mizinga yameziba, macho yana mtoto wa jicho. Hayo mnayajua, dirisha la wazee hospitalini lipo na Sera ya Taifa ya Wazee ipo tangu 2003. Kuhusu dawa zinapokosekana, nitaandika siku nyingine.

Leo nasemea kisichoonekana kwenye kipimo cha presha. Baba na jirani yake wana magoti mabovu sawasawa. Baba hujikongoja na fimbo kila asubuhi hadi kijiweni: kahawa, bao, na ubishi usioisha kuhusu kikosi kilichotangulia kuingia Kampala Aprili 1979. Mwenzake aliacha kutoka. Siku hizi hanyoi ndevu, na kula mpaka abembelezwe. Watafiti wa Marekani waliowachunguza maaskari wao wastaafu wamekuta jambo la aina hiyo: wengi huuhimili uzee na maradhi, hasa wenye watu wa karibu na wanaojiona bado wana kazi duniani.

Huku kwetu, mwambie mzee wa jeshi akamwone mshauri nasaha uone. "Unanipeleka Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili?" Alifundishwa kuvumilia kimya, na kimya hicho amezeeka nacho. Ukimwita mgonjwa haji. Ukimpangia zamu, atafika kabla ya saa.

Basi mpangieni. Vijana wa JKT wako Makutupora, hapa hapa Dodoma. Wazee wakazungumze nao, hata mara moja kwa mwezi, na gari liwapitie majumbani, maana wasiotoka ndio tunaowatafuta, na bodaboda kwa goti bovu ni adhabu. Mshauri nasaha awepo, anywe nao chai, asiwe na meza wala faili. Wasioonekana wafuatwe na wenzao wenyewe. Wanajuana kwa vikosi na kwa majina ya utani. Wapiga picha, kama lazima waje, wasubiri hadi mwisho.

Gharama ni mafuta na chai. Naomba jibu, hata likiwa la kukataa, kwa sababu baba ameshaanza kuniuliza gari litapita saa ngapi.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Binti wa mstaafu, Chang'ombe