Kwenu mliorudi kutoka vitani

Wanangu,

Mmerudi salama, tunamshukuru Mungu. Mapokezi yakishapita kuna kazi nyingine, na hiyo hakuna afande aliyewafundisha.

Nianze na la nyumbani, maana ndilo linalowashinda wengi. Muda wote ulipokuwa huko, mwenzako alibeba nyumba peke yake. Kapanga saa za kula na za kulala, kazoea kuamua bila kukuuliza, na mambo yamekwenda. Leo unaingia, hata wiki haijaisha umeanza kutoa amri: hiki mbona kiko hapa, mtoto huyu mbona hajalala. Hata kikosini, anayepokea zamu huuliza kwanza hali ikoje. Basi uliza. Shika jukumu moja dogo mpaka wakuzoee, ndipo uongeze. Na fedha msizipangie upya kabla hamjakaa wawili mkasikilizana.

Mtoto uliyemwacha mchanga akilia ukimbeba, usimlaumu mama yake. Hakujui. Keti chini karibu naye, atakuja mwenyewe. Mkubwa akikununia kwa kuwa uliondoka, zawadi hazitamtuliza. Kaa naye tu.

Sasa mwili. Huko mlikaa macho miezi mizima, na kushtuka upesi ndiko kulikowaokoa. Tabia hiyo haivuliwi pamoja na sare. Ndiyo maana mlango ukibamizwa unajikuta umeinama, kwenye umati macho yanatafuta pa kutokea, usingizi haukai, na hasira inakutangulia kusema. Kwa wengi hupungua taratibu. Lakini majinamizi, kumbukumbu zinazokuvamia mchana na kuwakwepa watu vikipita mwezi mmoja, tena vikivuruga kazi au ndoa, nenda kwa daktari. Yapo matibabu ya mazungumzo yanayosaidia kweli.

Msiniambie ni udhaifu. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Uingereza iliwapiga risasi askari wake kwa utoro na uoga, na baadhi yao walikuwa wagonjwa wa hayahaya. Mwaka 2006 ikawasamehe 306, wote wakiwa makaburini. Ugonjwa wenyewe, ambao madaktari huuita PTSD, yaani kiwewe kinachobaki baada ya mambo ya kutisha, ulikuwa umeingia katika mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani tangu 1980. Ninyi mna daktari. Wale walikuwa na mahakama ya kijeshi.

Pombe, kwa kifupi: inakulaza upesi, kisha inakuamsha usiku wa manane ukiwa hoi kuliko ulivyolala.

Na likikujia wazo kwamba watu wako wangekuwa afadhali bila wewe, usilale nalo. Mwambie mtu usiku huohuo, mwenzako wa kikosi au daktari. Kama una silaha nyumbani, ikabidhi kwa mwingine aitunze. Nanyi mtakaopigiwa simu saa nane za usiku, pokeeni, na kama ni karibu, nendeni.

Mzee wenu,
askari mstaafu