Mabingobingo yatangulie, mtamba afuate

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie misaada ya mifugo ambayo makanisa na mashirika ya Kikristo yamekuwa yakiipeleka vijijini, kazi niliyoiona kwa karibu nikiwa bwana mifugo hadi nilipostaafu, na ambayo naiheshimu kiasi cha kutotaka kuiona ikiharibiwa na haraka.

Wasomaji wengi wa mikoa ya kaskazini wanaufahamu utaratibu wa "kopa ng'ombe, lipa ng'ombe". Familia isiyo na uwezo hukabidhiwa mtamba, yaani ng'ombe jike ambaye hajazaa bado, mara nyingi akiwa na mimba, kwa sharti kwamba ndama jike wake wa kwanza atakuzwa na kupewa familia nyingine yenye hali kama hiyo. Aliyeuanzisha mpango wa namna hii ni Dan West, mkulima wa Indiana nchini Marekani na muumini wa Church of the Brethren, ambaye miaka ya 1930 alikwenda Hispania wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe kuwagawia watu maziwa, akaona kwamba kikombe kikishanywewa, njaa iko palepale. Shehena ya kwanza ya mitamba 17 ilifika Puerto Rico mwaka 1944, na shirika lililozaliwa hapo, Heifer, limefanya kazi hapa Tanzania tangu miaka ya 1970.

Hata hivyo fikra yenyewe haikuwa ngeni kwetu. Uchagani, mwenye ng'ombe wengi alimkabidhi jirani ng'ombe wa kumtunza, na mtunzaji akafaidi maziwa, samadi ya mgombani, na baadaye pengine ndama. Nadhani ndiyo maana wazee hawakuhitaji semina ndefu kuuelewa mpango wa kanisa ulipowafikia. Jambo jipya waliloliona ni kwamba mtu aliyezoea kuandikwa kwenye orodha ya wahitaji alisimama mbele ya wenzake siku moja, kamba ya ndama mkononi, naye akatoa.

Sasa nije kwenye kilichonifanya niandike. Ng'ombe wa maziwa mwenye uzito wa kilo 400 huhitaji takriban kilo 40 za majani mabichi kwa siku, na akikamuliwa, maji yasiyopungua lita 50, yaani madumu mawili na nusu, na wote tunajua kichwa cha nani kitayabeba. Nakumbuka kijiji kimoja, ambacho sitakitaja, ambako mitamba waliteremshwa kwenye lori mwezi Septemba, kwaya ikiimba na wageni wakipiga picha, ilhali hakuna kaya iliyokuwa imepanda hata shina moja la mabingobingo, majani marefu ya kulishia ng'ombe. Akina mama walitembea mabondeni kutafuta majani, wakarudi na kupe pamoja na mzigo. Ndigana kali, ugonjwa wa ng'ombe unaoenezwa na kupe, ilipoingia, baadhi ya wafugaji hawakuniita mapema, kwa kuwa kijiji kizima kiliwaita wanyama wale "ng'ombe wa kanisa", na kila mmoja alingoja kanisa lije kumtibu ng'ombe wake. Wafadhili hawakuwa na nia mbaya. Walikuwa na bajeti iliyopaswa kuisha kabla ya Desemba, na bajeti haijui masika.

Ombi langu kwa viongozi wa dayosisi na wa mashirika ni kwamba lori litanguliwe na msimu mzima wa mvua, ili mabingobingo na majani ya malisho ya guatemala yaote, banda lijengwe na mfugaji mwenyewe, na josho au dawa ya kuogesha ipatikane mahali panapofikika. Chanjo ya ndigana kali ipo, na mnyama akichanjwa mara moja hupata kinga ya muda mrefu. Gharama yake iwe sehemu ya msaada, isiachwe kwa mjane ambaye hajauza hata lita moja. Wapokeaji nao wateuliwe na mkutano mkuu wa kijiji, maana maskini wa kijiji si wale tu wanaoonekana ibadani Jumapili, na nimefurahi kuona mitamba wa kanisa katika maboma ya Waislamu.

Mkataba pia unahitaji kuandikwa kwa Kiswahili kinachoeleweka, useme nini kitafanyika ng'ombe akizaa madume mara tatu mfululizo, na deni la ndama linaishia wapi mama yake akifa kwa ugonjwa bila uzembe wa mfugaji. Nimewahi kumkuta mama mmoja amefiwa na ng'ombe, akimkwepa mwenyekiti wa kikundi njiani kama mtu aliyeiba.

Mwisho, taarifa za miradi hii zinazosomwa makanisani na kuchapishwa magazetini hutaja idadi ya ng'ombe waliogawiwa. Ningependa tuanze kusomewa idadi ya ndama waliokabidhiwa kwa familia ya pili, na ya tatu, kijiji kwa kijiji, pamoja na idadi ya waliokufa.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Bwana mifugo mstaafu,
Moshi Vijijini